Aliyechomoa Bomba la Moshi

Nyakundi Omwenga alikufa ndani ya lori ambalo halijawahi kubeba hata gunia moja. Injini ilikuwa inawaka, milango ya kebini imefungwa, na damu yake ilikuwa imejaa kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kabla maiti haijaondolewa, mhandisi mkuu, Bahadur, alimshika mkono polisi wa kwanza kufika akamwambia, "Mimi ndiye niliyemuua. Andika hivyo."

Polisi aliandika.

Sajini Kagendo alifika saa mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa pili, na karakana ilikuwa Agincourt, huko Kanada, nyuma ya mstari wa maduka, theluji imerundikwa pande zote mbili za lango. Kagendo ni mzaliwa wa Meru. Alipewa kesi hiyo kwa sababu karibu kila mtu pale alizungumza Kiswahili. Wenye kampuni ya Halvorn, iliyomiliki karakana, walikuwa ng'ambo. Aliyeajiri watu ni Bahadur, mtu wa Dar es Salaam, na aliajiri watu aliowaelewa.

Haikuwa karakana ya kutengeneza magari mabovu. Hapo walikuwa wanaunda injini mpya ya dizeli ya malori makubwa, na walikuwa wameshaifanyia kazi miaka tisa. Shida waliyotaka kuiondoa ni hii. Dereva anayelala barabarani huko kaskazini wakati wa baridi hazimi injini, anaiacha ingurume mpaka asubuhi ili apate joto. Sasa, dizeli ikinguruma bila mzigo hupoa, na ikipoa haichomi mafuta vizuri. Inajiziba masizi, inakula mafuta bure, na inakufa kabla ya wakati wake. Nyakundi alikuwa amebuni njia ya kunyunyiza mafuta kidogo kidogo, mara kadhaa katika kila pigo la pistoni, ili moto usipungue. Usiku wa Jumamosi ile ndio walikuwa wanaijaribu injini yake kwa mara ya kwanza kwenye baridi ya kweli, kuanzia jioni mpaka asubuhi.

Lori lilisimama katikati ya ukumbi. Hita za ukumbi zilikuwa zimezimwa na madirisha ya juu yameachwa wazi makusudi. Nyuma ya kebini kulikuwa na bomba la kutolea moshi la lori, na kutoka hapo mpira mnene ulipaswa kuupeleka moshi nje kupitia ukutani. Mpira huo ulikuwa umelala chini.

Aliyemkuta marehemu alikuwa Willy, mtunza karakana, Mkongo wa Uvira, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo.

"Ulifika saa ngapi?" Kagendo alimuuliza.

"Saa moja, mama. Nilikuja kufungua. Nikamwita Papa Nyakundi, haitiki. Nikafungua mlango wa kebini. Njo namukuta kama mtu analala."

"Uligusa nini?"

"Shavu yake. Ilikuwa baridi kama chuma."

"Injini uliizima?"

"Hapana. Polisi njo walizima."

"Na huu mpira?"

"Niliukuta vile unauona."

Kagendo akaenda kuukagua mpira. Haukuwa umechanika. Ulikuwa ukishikwa na mkanda wa chuma wenye skrubu, na skrubu ilikuwa imelegezwa mpaka mwisho. Injini ikitetemeka inaweza kulegeza skrubu kidogo, lakini mkanda huu ulikuwa umefunguka wote. Kisha akachuchumaa akatazama sakafu chini ya bomba. Zege lilikuwa kavu, isipokuwa matone machache. Akapanda ngazi ya kebini. Upande wa dereva palikuwa na zulia la mpira. Upande wa abiria palikuwa patupu.

Ukutani, hatua chache kutoka kwenye lori, king'ora cha hewa ya sumu kilikuwa na taa ya kijani inayomwekamweka. Alimwomba fundi wa polisi akijaribu. Kikalia kama mtoto aliyefinywa.

"Kinafanya kazi," fundi alisema.

"Usiku hakikulia," Kagendo alisema.

*

Bahadur alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikaa ofisini na koti lake mwilini, kofia imeshikwa kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mzee, kwa nini unasema umemuua?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo. Ijumaa niliondoa kichujio cha moshi. Nilitaka kupima moshi mtupu unaotoka kwenye silinda. Dizeli yenye kichujio haitoi hewa ile ya kutosha kumuua hata panya. Isiyo na kichujio, iliyopoa, yenye mpangilio mpya wa mafuta ambao hakuna aliyeujaribu... sijui ilitoa nini, Sajini. Mhandisi mkuu, na sijui."

"Na hita ya kebini?"

"Nilikataza isiwashwe. Hita inanyonya joto la injini, ingeharibu vipimo. Nilimwambia, 'Nyakundi, kaa ofisini, utazame kwenye skrini.' Akasema skrini haina masikio. Akapanda na blanketi mbili." Bahadur akaifuta pua kwa kofia. "Nilimwacha kwenye baridi kama mbwa. Nikaenda zangu nyumbani Don Mills kulala kwenye joto."

Mlango ukafunguka. Willy aliingia na kikombe, akakiweka mbele ya Bahadur.

"Kunywa, shefu. Tangu asubuhi hujaweka kitu mdomoni."

"Asante, Willy. Mungu akubariki."

Willy akatoka bila kumtazama Kagendo.

"Huyu kijana," Bahadur alisema, "ndiye peke yake hapa asiyeniogopa leo."

"Nani alifunga mkanda wa ule mpira?"

"Nadim. Lakini usimsumbue Nadim. Mkuu wa jaribio ni mimi."

"Mkanda umefunguliwa, mzee. Haukufunguka wenyewe."

Bahadur alimtazama kama mtu asiyesikia. "Nina mwanasheria," alisema. "Nimemwambia nitakiri. Uzembe uliosababisha kifo. Usitafute mtu mwingine wa kumharibia maisha."

Hapo ndipo kesi ilipoanza kumuuma Kagendo. Akikiri, mahakama haitauliza swali lingine. Bahadur angekwenda jela, injini ingefungiwa kama injini inayoua, na aliyelegeza skrubu angebaki mtaani.

*

Nadim, mhandisi mwenzake marehemu, alikuja kituoni Jumatano kutoka kwake Thornhill. Mtu wa Mombasa, ndevu zimechongwa vizuri, hasira iko karibu.

"Mlikuwa hamwelewani na marehemu," Kagendo alianza.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Basi kila mtu kasema kweli. Injini ilikuwa na mpangilio wangu wa mafuta. Akaja yeye na wake, wangu ukatupwa jalalani. Ungefurahi wewe?"

"Ulisema ungefurahi kuizika injini ile."

"Injini, bibiye. Nilisema injini."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda karakana. Saa mbili, mbili na robo."

"Mbona hukumwambia polisi wa kwanza?"

"Ningesema, ningekuwa nimekaa kiti hiki tangu Jumapili."

"Sasa umekaa hata hivyo. Ulikwenda kufanya nini?"

"Kusikiliza." Akageuza uso. "Nilitaka kuisikia ikikoroma, kupiga chafya, ninywe chai yangu kwa raha. Haikukoroma. Ilikuwa inakwenda laini kama cherehani. Nikamgongea dirisha. Akashusha kioo, meno yanagongana, anacheka. Akaniambia, 'Nadim, umekuja mazishini?' Nikamwambia, 'Nimekuja harusini, mshenzi wewe.' Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa barafu tupu. Nikamwambia awashe hita, hakuna atakayejua. Akasema injini itajua."

"Mpira ulikuwa umeshikwa?"

"Nilioufunga Ijumaa kwa bisibisi? Ulikuwa umeshikwa. Nilipita karibu yake. Na macho hayakuniwasha."

"Yangekuwasha?"

"Moshi wa dizeli iliyopoa, bila kichujio? Ungelia kama umemenya vitunguu gunia zima."

Msaidizi wa Kagendo alitaka Nadim awekwe ndani siku ile ile. Sababu alikuwa nayo, nafasi alikuwa nayo, bisibisi alikuwa nayo, na alificha kwamba alifika. Kagendo akamwachia aende. Hakuweza kueleza vizuri kwa nini, ila swali moja lilikuwa limemkaa. Kama moshi ulijaa ukumbini kiasi cha kupenya kebini iliyofungwa na kumuua mtu, king'ora kilichokuwa wazi ukutani kilikuwa wapi?

"Madirisha ya juu yalikuwa wazi, hewa ikatoka," msaidizi alisema.

"Ikatoka ukumbini, ikabaki kebini? Hewa hiyo ina akili kuliko sisi."

*

Gakii, mjane, aliishi ghorofa ya tisa, umbali mfupi kutoka karakana. Walikuwa wamepanga kumsafirisha marehemu mpaka Kisii, na sebule ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa na sufuria. Bintiye Ella, miaka kumi na minne, alimfungulia Kagendo mlango, akajibu salamu kwa Kiingereza, akarudi kukaa na mdogo wake mbele ya televisheni iliyozimwa.

Kagendo alileta nguo za marehemu kwenye mfuko. Gakii akalitoa koti zito, akaliweka usoni. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipolishusha, uso wake ulikuwa na mshangao juu ya huzuni.

"Dada, hili koti limepitia wapi?"

"Limefungwa tangu siku ile. Kwa nini?"

"Linanuka nyama ya kuchoma. Makaa na nyama. Mimi humfulia huyu mtu, najua anavyonuka akitoka kazini. Ni dizeli mpaka kwenye soksi. Hili halina dizeli." Akalinusa tena. "Linanuka kama Desemba nyumbani."

"Alikuwa amebeba chakula gani?"

"Ugali, sukuma wiki na mayai. Nilifunga mimi mwenyewe."

Daktari aliyepasua maiti alikuwa amemwambia Kagendo kwamba tumboni mlikuwa na nyama. Hakuitilia maanani. Mtu akila nyama si ajabu.

"Angeweza kutoka kwenda kula?"

"Baba Ella? Aache injini yake usiku wa kwanza?" Gakii alikaribia kucheka. "Ella alipozaliwa, dada, alinipigia simu kutoka kwenye injini."

Ella alisema kitu kwa Kiingereza bila kugeuka. Alitaka kujua ni lini wataacha kumsumbua mzee Bahadur, kwa sababu baba yake asingependa.

*

Bahadur alipangiwa kukiri siku ya Jumatatu, wiki ya tatu baada ya kifo. Kagendo aliomba kibali cha kurudia jaribio na akakipata. Jumamosi jioni baridi ilishuka sawa na ile ya usiku wa kifo. Lori lilikuwa bado ukumbini, limefungwa kwa utepe wa polisi. Nadim aliiwasha injini kwa mpangilio ule ule. Kichujio hakikuwepo. Hita ilizimwa, madirisha ya juu yakafunguliwa, na mpira ukawekwa chini. Kipimo cha hewa kiliwekwa kitandani, nyuma ya viti, pale Nyakundi alipolala. Bahadur aliletwa na mwanasheria wake. Alisimama pembeni, mgongo umeelekea lori.

Haikupita nusu saa, wote wakawa wanakohoa. Macho yalichuruzika. Matone yalianza kudondoka kutoka kwenye bomba, maana moshi una maji ndani yake, na yakaganda palepale kwenye zege. Mpaka wanazima injini, chini ya bomba palikuwa na bamba la barafu la upana wa sinia, na lori lilikuwa limeota ukungu mweupe nyuma yote.

Kagendo alipanda kebini akachukua kipimo. Akampelekea Bahadur.

"Soma, mzee."

"Sitaki."

"Soma."

Bahadur akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Hiki kimeharibika," alisema.

"Kipo cha pili. Kinasema hivyo hivyo."

"Lakini hii ni... mtu angeumwa kichwa. Angeumwa kichwa tu."

"Angeamka anakohoa, akafungua mlango, akatukana. Sivyo? Nani analala ndani ya moshi huu?"

Bahadur aligeuka kulitazama lori kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Imechoma vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Imepoa hivi, na bado imechoma vizuri. Alikuwa sawa." Kisha akakaa sakafuni, mhandisi mkuu, suruali yake nzuri kwenye barafu, akalia kwa sauti.

Kagendo alimwacha amalize. Sasa alijua mambo mawili. Mpira ulichomolewa asubuhi, muda mfupi kabla polisi hawajafika, ndiyo maana zege lilikuwa kavu. Na kilichomuua Nyakundi kilikuwa ndani ya kebini pamoja naye, ndiyo maana king'ora cha ukumbini hakikulia. Kilikuwa kitu chenye makaa na nyama. Kilikaa upande wa abiria, juu ya zulia ambalo halikuwepo tena.

*

Kesho yake alikwenda kanisani. Si kanisa lake. Lilikuwa kanisa la Wakongo na Warundi, mtaa wa pili kutoka karakana, na Willy alikuwa ameshamwambia kwamba Jumamosi ile alishinda hapo kwenye ubatizo. Ibada ilikuwa inaendelea, kwaya inapasua paa. Kagendo alizunguka nyuma, akamkuta mama mmoja mnene, amejifunga kitenge juu ya koti, anafagia theluji.

"Mama, mnachoma nyama hapa hata wakati wa baridi?"

"Mbuzi haijui baridi, mama," yule mama alisema akicheka. "Kama kuna batiza, tunachoma. Wazungu wanapita wanashangaa."

"Mnachomea nini?"

Mama akafungua kibanda. Kulikuwa na majiko mawili. Moja ni la dukani. La pili lilikuwa ringi ya gurudumu la lori, iliyochomelewa miguu mitatu mifupi na vishikio viwili.

"Hii mbabula alitutengenezea Willy kule kwa kazi yake. Nguvu sana. Ile moja ya duka inakufa kila mwaka."

Kagendo aliipindua. Chini ya miguu miwili, na kwenye ukingo wa upande mmoja, palikuwa na mpira mweusi ulioyeyuka ukagandia chuma. Ulikuwa na mistari myembamba inayokwenda sambamba. Zulia la upande wa dereva lilikuwa na mistari hiyo hiyo.

"Ubatizo ule wa Jumamosi, hii ilirudi humu lini?"

Mama alifikiri. "Ilirudi Jumapili. Willy alisema aliisahau ndani ya gari."

*

Jumatatu asubuhi aliwakusanya karakana, saa mbili kabla ya muda wa mahakama. Bahadur alikuja amevaa suti. Nadim alisimama mlangoni. Willy alikuwa anafagia, kwa sababu ilikuwa Jumatatu.

"Willy, weka fagio chini," Kagendo alisema. "Mpira ulikuwa umefungwa usiku. Nadim aliuona. Sakafu inasema ulichomolewa asubuhi. Asubuhi ulikuwa peke yako."

"Mama, niliukuta chini."

"Nyakundi alikula nyama ya mbuzi. Mkewe hakumfungia nyama. Nani wa hapa alitoka kwenye mbuzi siku ile?"

Willy alilaza fagio sakafuni.

"Ringi ya kanisani ina mpira wa zulia la kebini hii chini ya miguu yake. Imechukuliwa, inapimwa. Naweza kungoja majibu, lakini mzee Bahadur hawezi kungoja. Saa nne anakwenda kukiri."

Bahadur alimtazama Willy, kisha Kagendo. "Sajini, unasema nini? Huyu?"

"Sikumuua," Willy alisema.

"Hakuna aliyesema ulikusudia. Sema ilivyokuwa."

Willy alitazama mikono yake.

"Nilimuletea nyama. Tulimaliza batiza, nyama ilibaki. Nikafikiri, Papa Nyakundi iko peke yake na ile baridi. Nilifika, anatetemeka mpaka lori inatetemeka. Nikamuambia, ngoja. Makaa ilikuwa ingali kwa mbabula, nyuma ya gari yangu. Nyekundu. Safi. Haina moshi hata kidogo." Aliinua macho. "Kwetu unangojea moshi iishe. Moshi ikiisha njo unaingiza mbabula ndani, watoto wanalala na joto. Mama yangu alifanya vile. Mama yake pia. Hakuna mtu alikufa."

"Nyumba yenu ilikuwa ya nini?"

"Ya udongo. Na mabati juu."

"Upepo unaingia?"

"Kila mahali."

"Na kebini ya lori la Kanada?"

Willy aligeuka kuitazama kebini. "Alifurahi," alisema. "Alisema, 'Willy, hii haigusi joto ya injini, shefu hawezi kukasirika.' Alikula. Nikamuaga. Mlango haukujifunga vizuri, nikaufungua tena, nikaubamiza kwa nguvu. Ili joto isitoke. Mimi njo niliubamiza."

Nadim alitamka jina la Mungu polepole.

"Asubuhi ulirudi," Kagendo alisema.

"Saa kumi na mbili. Nilitaka kuchukua mbabula ya kanisa. Nikamukuta. Nilimutikisa, nilimupiga makofi. Alikuwa amekwisha, tangu zamani. Nikakaa pale chini." Alionyesha ngazi ya kebini. "Kesi yangu ya ukimbizi inasikilizwa mwezi wa tano. Bibi yangu Prudence na batoto bangu wawili wako Nakivale, kambini, miaka mine wananingojea. Nikasema, wakijua ni mimi, basi. Nikatoa mbabula, zulia nikaitupa, nikalegeza ule mpira. Nilisema watasema ni injini. Injini haina bibi wala watoto. Sikujua injini iko na mwenyewe."

"Ulijua siku ile ile," Bahadur alisema. Alikuwa amesimama sasa, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uliniletea chai. Siku ishirini na kitu umeniletea chai. Niliwaambia wanangu mimi ni muuaji. Sikuweza kuingia jamatini kusali, nilikaa ndani ya gari nje. Na wewe unaniambia, kunywa, shefu."

"Kila siku nilikuja na ile neno mdomoni, shefu."

"Na kila siku ukaimeza."

"Ndiyo."

Bahadur alimkaribia. Nadim alisogea, akidhani atampiga. Bahadur alimshika Willy bega, akamtazama, akauondoa mkono wake.

"Ungesema asubuhi ile," Kagendo alimwambia Willy wakati wa kumfunga pingu, "ingekuwa ajali. Ungelia, tungelia nawe. Ulipogusa ule mpira ndipo ilipokuwa kosa la jinai."

"Najua, mama."

"Sasa unajua."

Alimwongoza mpaka kwenye gari. Nje jua lilikuwa kali juu ya theluji, na Willy alifumba macho kwa sababu hakuwa na mkono wa kujikinga nao.

*

Mashtaka ya Bahadur yalifutwa siku ile ile. Hakurudi kazini. Alipata mshtuko wa moyo mwezi wa nne, akanusurika, na sasa anatembea na fimbo.

Halvorn waliifunga karakana kabla ya majibu ya maabara kutoka. Watu kumi na mmoja walikosa kazi, Nadim akiwa mmoja wao. Injini ilinguruma usiku mzima bila kujiziba, kama Nyakundi alivyosema ingefanya, lakini jina lake lilikuwa limeshatajwa pamoja na maiti, na wenye mali hawakutaka kulisikia. Iling'olewa kwenye lori ikapelekwa kukatwa vyuma. Ilikuwa moja tu.

Willy alifungwa miaka miwili kwa kuvuruga ushahidi na kwa uzembe. Ombi lake la ukimbizi lilikataliwa, na akimaliza kifungo anarudishwa. Prudence bado yuko kambini.

Nyakundi alizikwa Kisii, akiwa na miaka arobaini na minne. Gakii ana watoto wawili, Prudence ana wawili. Watoto wanne, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye baba nyumbani.